Baraka Niliyoichelewesha

Jumapili ile Mama Sayi alipika uji wa ulezi, akanicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa soksi za rangi mbili. Sisi ni Wasukuma wa Songwa, ila miaka hiyo tuliishi Kongo, nilikokwenda kufundisha Kiebrania katika chuo kidogo cha wachungaji. Binti yetu, Sayi, tulimwacha Kahama kwa shangazi yake, asome.

Waasi walikuwa milimani wiki nzima. Tulishachoka kuogopa, tukaenda ibadani kama kawaida.

Kanisa lile lilikuwa na desturi: hatoki mtu kabla mhubiri hajainua mikono na kutoa baraka. Hata mtoto akilia, mama humbembeleza humo humo. Nami, jamani, nilikuwa mtu wa kuchimba neno mpaka mzizi. Wanafunzi walinitania kwamba zaburi moja kwangu ni msimu mzima wa kilimo, na mimi nilijisikia fahari.

Siku hiyo mhubiri nilikuwa mimi, na katikati ya mahubiri mzee wa kanisa alikuja kuninong'oneza kuwa waasi wameonekana darajani. Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea. Nilikuwa nimeandaa somo lile mwezi mzima.

Watu wakaanza kutazama mlango. Hakuna aliyenyanyuka.

Mama Sayi akasimama, yeye ambaye hakuwahi kufungua kinywa ibadani.

"Baba Sayi, wape baraka watoke."

"Bado mstari mmoja," nikamjibu.

Akakaa.

Risasi zilianzia mlangoni.

Mimi nilitokea dirisha la madhabahuni. Yeye hakutoka.

Tulimzika kesho yake pamoja na wengine, haraka haraka, bila mahubiri.

Sasa naishi Nyasubi, hapa Kahama. Wachimbaji wanaotoka Geita huniletea maswali ya Biblia. Wananiamkia, wananiita profesa, wakishapata jibu wanaondoka. Jioni napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Upweke huu unaniuma, sitaki kuupamba.

Sayi ni mtu mzima, anauza vitenge huko Geita. Mara moja tu aliniuliza kama mama yake alisema lolote siku ile.

Nilimwambia risasi zilimkuta ghafla, hakuwahi kusema neno.

Alilia, kisha akanishika mkono akanipa pole.

Nikaipokea.