Kitabu Kilichosahau Maji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitamani Mungu anigeuze mjusi nipenye chini ya mlango. Miaka ya sabini ndiyo ilikuwa inaanza, hapa Kisumu, kwa duka moja ya kuuza injini za kusaga unga. Vitabu za injini zilikuja na Kizungu, wateja wakafungia nazo sukari. Mkubwa akasema tuandike yetu ya Kiswahili. Tulikuwa watatu: Bwana Okelo anachora, Mama Rispa anapiga taipu, na mimi, fundi wa darasa la sita na nusu, nataja hatua. Hiyo nusu ndiyo ilinipa kiburi.

Mama Rispa alikuwa na sheria yake: kabla kitabu itoke, apewe mtu hajawahi gusa injini, awashe kwa kusoma tu, na sisi tufunge mdomo. Nikamwambia, "Mama, injini nalala nayo! Nani atanifundisha?" Nikachukua nakala ya kwanza, nikatupa kwa lori iliyokuwa inapelekea wamama wa Asembo Bay injini yao. Haraka haraka, mwanangu, mwisho wake unajua.

Kesho yake Mama Rispa akaita Akinyi, mama wa chai. Akinyi akasoma na kidole, akatia dizeli, akazungusha handeli. Ikanguruma! Nikacheza kidogo. Okelo akagusa chuma, akaruka.

"Bwana, hii inachoma! Maji iko wapi?"

"Akinyi, hukuweka maji?" nikauliza.

"Karatasi imesema maji wapi?"

Okelo akazima mbio. Nikasoma. Ni kweli. Maji mimi nilikuwa naweka bila kufikiri, kama vile mtu anafunga suruali. Nani huandika "funga suruali"?

Lakini Asembo! Injini bila maji inanoki, chuma inashikana haizunguki tena, na wale wamama walikuwa wamechanga misimu mitatu. Tukaingia pikapu ya duka. Njiani niliomba maombi yote ya kanisa yetu, nikaazima na ya wengine.

Kufika, injini kimya. Nikajua tumechelewa. Wamama wamezunguka injini, na nyanya mmoja, wote wakimwita Dani, ndiyo nyanya kwa Kijaluo, akaninyooshea fimbo.

"Ni wewe uliandika? Hii tundu kubwa hapa juu, kitabu yako haisemi ni ya nini. Nimekataza mtu kuwasha mpaka mwenye kuandika aje."

"Ni ya maji, Dani."

"Sasa ulificha kwa nini? Uliogopa tutakunywa hiyo maji?"

Wakacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi, ingawa si yote yalikuwa ya kicheko. Nikachota maji ziwani mwenyewe, ndoo tatu. Injini ikalia vizuri.

Mwanangu, kinyozi hajinyoi. Ukiandikia watu kazi, kile unajua sana ndicho utasahau. Mpe asiyejua asome, wewe nyamaza, hata ulimi ikikuwasha. Na wewe ukipewa karatasi, ukiona tundu haijatajwa, uliza; usione haya. Mungu akupe watu wa kukukatalia, na siku utakosea, kwa maana utakosea, ufike ukute injini bado ni baridi.