Hatua Kumi Kutoka Ukutani

Miaka ile kila mtu Moshi alikuwa anauza kitu. Mimi niliuza mitumba sokoni Kiboriloni, mpaka mradi mmoja mdogo wa misitu ukaniajiri kuwafundisha wenye nyumba za juu mlimani, kule migomba inakopakana na msitu, namna ya kujikinga na moto wa kiangazi. Wataalamu walikuwa nao tayari. Mtu wa kushawishi hawakuwa naye.

Somo la kwanza nililitoa nje ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Nikasema majani makavu yaondoke uani. Wakaniitikia vizuri mno. Juma lililofuata nikapita nyumba kumi na nne, nikarudia kuhesabu, zikawa kumi na nne kweli, na kila ua umefagiwa unang'aa. Majani yote yalikuwa nyuma, yameegemezwa kwenye ukuta wa mbao chini ya paa, pamoja na nyasi za ng'ombe, yasilowe. Kosa lilikuwa langu. Nyasi hubebwa kichwani kutoka tambarare, nani atazitupa?

Nyumba iliyogusana na msitu ilikuwa ya mama mmoja mjane, naye hakuwa na nyingine. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba asogeze rundo lake la nyasi. Akaniuliza kama ng'ombe akikataa nyasi zilizolowa, maziwa nitatoa mimi.

Nikaanza na hatua thelathini kutoka ukutani, nikitaka kumi. Akanipa mbili. Fundi wake wa bustani, aliyekuwa akipunguza ua wa misaiprasi, akadakia kwamba hajawahi kuona moto unapimwa kwa hatua. Nikamwambia ua wake unagusa paa, kwa hiyo na wenyewe utakatwa.

Tulipokubaliana kumi, mama akapima mwenyewe. Nilihesabu mara mbili: kumi zake, sita zangu.

"Mama, hizo ni hatua za kwenda kuungama," nikasema. "Nipe za kurudi."

Akacheka, akaongeza nne ndefu. Rundo likahamia huko, likafunikwa turubai. Fundi akakata ua upande wa nyumba, akiuaga mti mmoja mmoja.

Wiki tatu baadaye, mchana, warina asali waliacha moto wao msituni, ukashuka. Nilipofika nikihema, majirani walikuwa wameshauzima kwa matawi mabichi na maji ya mfereji. Rundo lilikuwa jivu tupu. Nyumba ilisimama, masizi kidogo tu upande mmoja. Mama alikuwa katikati ya uwazi ule, mikono kiunoni. Nikasubiri shukrani.

"Nyumba ipo," akasema. "Ng'ombe atakula nini leo?"

Nikaomba panga. Mimi na fundi tukaangusha migomba iliyokwisha kuzaa, tukaikatakata mashina yawe chakula cha ng'ombe, mpaka jua likazama. Fundi akauliza ayaweke wapi. Mama akamwonyesha mbali na ukuta, na safari hii hakuna aliyepima.