Mwalimu wa Ukili

Nawaambia mwenyewe, kabla watu wa Maneromango hawajawaambia.

Nilipoomba kazi katika nyumba yao ya kutunzia watu wenye akili nzito, niliulizwa kama najua kusuka ukili wa mikeka. Nikajibu kwa mbwembwe, "Mimi? Nimezaliwa mkekani!" Kweli, lakini kwetu Kisarawe tulikuwa tunauza mikeka tu, wasukaji walikuwa wengine.

Nikapewa mwanafunzi, Mwanahawa, mwanamke wa makamo asiyejua hata kuhesabu siku. Nikamfundisha kwa sauti ya mnadani: "Usiogope, dada. Polepole utajua." Kila nikimsukia ukili wa urefu wa shubiri moja ili auige, yeye anaufumua na kuusuka upya. Nikamhurumia. Maskini, haelewi kitu!

Jana akaja mke wa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, kututazama. Akaushika ukili wa Mwanahawa, umenyooka kama uzi. Akautazama wangu, umejikunja kama mkia wa mbwa. Akampa Mwanahawa mkono.

"Hongera, mwalimu. Na mwanafunzi wako ndiye huyu?"

Nikafungua kinywa. Mwanahawa akaniwahi, akanipapasa bega.

"Ndiye, mama. Usimfokee. Polepole atajua."