Kujifunza Kutua kwa Macho Yaliyofumbwa

Siku yangu ya kwanza kazini Musoma, Afisa Utamaduni wa Mkoa aliniuliza swali kabla hajanionyesha meza. "Binti, chuo kikuu kimekufundisha michezo au kimekufundisha kuandika kuhusu michezo?" Nikamjibu kwamba kimenifundisha kuuliza. Akasema basi nimefika mahali pabaya, kwa sababu mkoa wake una mipira michache na majibu mengi.

Enzi hizo za Ujamaa kila kiwanda, shule na kijiji kilitakiwa kuwa na timu. Mimi nilikabidhiwa mpira wa wavu. Nilianza kwa kuzunguka mjini nikikagua nyavu zilizotoboka, kisha nikahamishiwa Bunda kuwa mwalimu wa timu ya wanawake ya kiwanda cha kuchambua pamba. Walikuwa wachezaji hodari, lakini uwanja wao ulikuwa changarawe iliyoshindiliwa, ngumu kama sakafu. Mchezaji akiruka, anashuka juu ya jiwe. Vifundo viliteguka na magoti yakavimba.

Meneja wa kiwanda alinipokea bila chai. "Ndugu mwalimu, mimi niliajiri watu wa kusimama kwenye mashine, timu inanirudishia wachechemeaji. Akibebwa mtu mmoja zaidi kutoka uwanjani, timu naifuta."

Kila mtu alijua anamsema nani. Bhoke alikuwa mpiga smashi wetu, yaani yule anayeruka juu ya wavu na kuushindilia mpira upande wa pili. Kifundo chake cha kushoto kilikuwa kimeshateguka vibaya, na mganga wa zahanati alimwonya kwamba kikiteguka tena, hata kazi ya kusimama itamshinda.

Niliomba mchanga wa ziwani tulainishe uwanja. Lori halikupatikana. Nikabaki na kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe sikukiamini. Mhadhiri wetu mmoja aliwahi kutueleza mazoezi ya taswira: mchezaji anakaa, anafumba macho, anapitia tendo zima kichwani huku akilihisi mwilini, mpaka mwili uzoee kabla haujaruka. Darasani nilimwuliza kama mtu akiota anakula huamka ameshiba. Wenzangu walicheka, yeye akaendelea na somo. Sasa nilikuwa nakwenda kufundisha kile nilichokidhihaki.

Tulianza kwenye kivuli cha stoo ya pamba, baada ya zamu. Wachezaji wakayaita mazoezi hayo sinema. Nyangeta, seta wetu, ambaye kazi yake ni kumwinulia mpira mpiga smashi, hakukosa la kusema. "Mwalimu, mimi nikifumbaga macho naona ugali na sato tu."

"Basi mpasie Bhoke huyo sato," nikamwambia.

Wiki zikapita bila mabadiliko. Jioni moja Bhoke alishuka kwa mguu mmoja, akayumba, akajishikilia kwenye nguzo ya wavu. Nikamkimbilia. Nilipoona hajaumia, nikamkalisha chini.

"Bhoke, kwenye sinema yako unaonaga nini?"

"Naona naruka. Naupiga. Watu wanapiga vigelegele."

"Halafu?"

"Halafu imeisha."

Nikamgeukia mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wamejiacha hewani. Niliwaambia wapitie shambulio, na kwa mchezaji shambulio linaisha mpira ukigusa chini. Hakuna aliyewahi kupewa pointi kwa kutua.

Tukaanza upya. Sinema sasa ilianzia hewani na kumalizikia ardhini: miguu miwili kwa pamoja, magoti yakikunjika na kuelekea mbele, yasiingie ndani. Nikaongeza adui mkubwa wa kifundo, mguu wa mpinzani uliovuka mstari chini ya wavu, ambao ukiukanyaga unakwenda na kifundo chako. Kila mmoja alipaswa kusimulia kwa sauti anachokiona. Kwa Kiswahili walisimulia kama wanasoma taarifa ya mkutano. Nikawaruhusu waseme kwa lugha ya nyumbani, wawiliwawili wanaoelewana. Bhoke akasema kwa Kikurya, Nyangeta kwa Kijita, kila mmoja na mwenzake, na hapo nikaona jambo jipya: wakiwa wamekaa, macho yamefumbwa, magoti yao yalianza kucheza.

Habari zikafika Musoma. Afisa Utamaduni akaja mwenyewe. "Tunajenga taifa moja, wewe unanifungulia vikao vya kikabila?"

"Ndugu Afisa, goti la Bhoke halijasoma Kiswahili."

Hakucheka. "Nitaiangalia mechi yenu mjini. Akibebwa mtu, sitabishana na meneja."

Siku ya mechi, timu ya Musoma ilitubana vizuri. Washangiliaji wao hawakuwa na huruma. "Bhoke, rudi ukachambue pamba, kule hakuna kuruka!" Seti ya mwisho, Nyangeta akainua mpira karibu mno na wavu. Bhoke akapaa. Mkono wa mpinzani ukauzuia mpira, na katika kushuka mpinzani huyo akaingiza mguu wake upande wetu, chini kabisa ya Bhoke. Niliuona. Afisa aliuona, akainuka kitini.

Bhoke akavuta miguu yote miwili nyuma kidogo, akatua kando ya mguu ule, magoti yakakunjika, akasimama. Mpira ulidondokea kwetu na mwamuzi hakuona kosa. Pointi ikawa yao. Mimi nikaruka nikipiga vigelegele peke yangu.

"Mwalimu wao amechanganyikiwa," mtu akasema nyuma yangu. "Anashangilia tukifunga sisi."

Tulishinda seti ile, na mechi. Lakini mimi nilimfuata Bhoke kumhoji, maana ingewezekana ni bahati tu. Akanikatiza. "Mwalimu, mguu ule nilishakutana nao stoo. Nimeukwepa mpaka nimeuchoka."

Msimu ukaisha hakuna aliyebebwa. Meneja hakuniomba radhi. Alituma nyavu mpya. Afisa Utamaduni aliandika agizo kwamba timu zote za mkoa zifanye mazoezi ya taswira, "kwa lugha yoyote itakayofaa." Kisha akanipeleka Butiama kuwafundisha walimu wa michezo, na huko ndiko nilikostaafia.

Vijana wa vyuo hunijia wakitaka uthibitisho. Nawapenda kwa hilo. Huenda ilikuwa taswira, huenda ni kwa sababu tulianza kuzungumzia kutua, jambo ambalo hakuna aliyelijali. Nimelibishia jambo hili kuliko yeyote, na bado limenishinda kulikataa.

Timu ile haikufutwa. Bhoke alicheza mpaka alipoamua mwenyewe kwamba basi, siku aliyoichagua yeye, akatoka uwanjani kwa miguu yake miwili na asubuhi yake akawa kwenye mashine.