Alhamisi ya Kunyamaza

Nilipoanza kazi ya uuguzi katika zahanati moja karibu na mtaa wa Jericho, miaka ya sabini ikielekea kwisha, tiba ya mlevi ilikuwa moja: sindano ya kumtuliza, kisha maneno makali. Mimi nilikuwa hodari wa hayo maneno. Mama yangu alifundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo kugomba nilirithi kwake.

Siku moja matroni wetu akarudi kutoka semina, akaniita.

"Kuanzia Alhamisi, walevi hawagombwi tena. Wanasikilizwa."

"Wakisema nini, Matroni?"

"Lolote watakalosema. Wewe nyamaza tu."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Kuajiriwa kunyamaza!

Chumba kilichokuwa wazi Alhamisi mchana ni kile cha kupimia watoto uzito. Walikuja wanaume wachache, wengine wamesukumwa na wake zao, wakaketi kwenye mabenchi mafupi magoti yakikaribia kidevu, chini ya picha ya mama anayenyonyesha. Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Nao wakanyamaza. Muuza mandazi alipita nje akinadi, akarudi, akapita tena. Nilijibana mbavu nisicheke.

Mara mlango ukasukumwa kwa kishindo. Mama mmoja aliyechelewa kliniki aliingia akitweta, akamwona dereva wa lori la taka, pandikizi la mtu lililokaa karibu na mlango.

"Baba, hebu nishikie huyu nikunje leso." Akamwekea mtoto mapajani.

Dereva alikauka. Mtoto akamkodolea macho, akamshika pua, akacheka.

"Huyu haniogopi," dereva akasema polepole. "Wangu wakisikia nikikohoa pale nje, wanaingia chini ya kitanda."

Nikafungua mdomo nimpe mahubiri, nikaufunga. Akaendelea mwenyewe: busaa aliyoanza kunywa baada ya kazi ili asahau harufu ya taka, kisha chang'aa, kisha mikono inayotetemeka asubuhi kabla hajashika usukani. Alipofika hapo, mtoto akamkojolea.

Tulicheka jamani! Mama mtoto aliomba radhi huku amejishika tumbo. Dereva mwenyewe alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Seremala aliyekaa kando akampa kitambaa chake, akasema, "Mimi mke wangu ameshaenda kwao." Wengine nao wakafuata, mmoja akimpokea mwenzake, mpaka mlinzi akaja kufunga zahanati.

Dereva hakuacha pombe siku ile. Aliacha, akarudia, akaja Alhamisi akinuka na kuona haya, tukamsogezea benchi. Mtetemeko ulipomzidi daktari alimpa dawa, sisi tukampa masikio. Baada ya miezi mingi mkewe alinijia mbio, kuku hai kwapani.

"Sista, mmempa nini mume wangu? Jana ameruka kamba na watoto pale nje, majirani wote wametoka kutazama!"

"Mama, tulimsikiliza tu."

"Ah, wacha! Niambie ukweli, nami nimpelekee ndugu yangu."

Yule ndugu alikuja. Miaka ya themanini ilipoingia, wauguzi wa zahanati nyingine walikuwa wakitumwa kwetu kujifunza kunyamaza, na kazi yetu ikapewa jina la heshima: ushauri.

Alhamisi moja nilichelewa, nikakuta dereva ameshawaketisha watu, na kijana kutoka mtaa wa Eastleigh anamweleza mambo yake kwa sauti ya chini. Dereva akaniinulia kiganja: ngoja kwanza. Nikarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, nikafunga mlango. Furaha ilinijaa hata sikujua niipeleke wapi. Nikatoka nje, nikanunua hindi la kuchoma lililopakwa pilipili na ndimu, nikalitafuna barabarani nikiwa na sare na kofia nyeupe, jambo ambalo Matroni alilikataza kabisa.

Alinikuta papo hapo. Akanitazama juu hadi chini, akalivunja hindi katikati, akachukua kipande kikubwa, naye akaanza kutafuna.