Kitu Kirefu Begani

"Kazi gani hii," mama alikuwa akinisuta, "mtu mzima ashinda akichora viboksi kama mtoto wa chekechea!" Nami nikimjibu, "Viboksi hivi ndivyo vilivyokupikia huo wali, mama." Naye akicheka. Tulitaniana hivyo takriban kila siku, nyumbani kwetu Malindi, mlango wa uani tumeuacha wazi kwa ajili ya upepo.

Hoteli nilimokuwa nikifanya kazi ya mapokezi ilifungwa, nikapata kazi hii ya mtandaoni. Naletewa picha zilizopigwa kutoka angani, nazungushia mstari kila kilichomo, kisha nachagua jina lake kwenye orodha: mtu, mnyama, gari, kundi la watu, kundi lenye silaha. Mwanzo niliambiwa ni mambo ya kilimo, nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mbuzi walikuwa tele kwenye picha zile. Hizo silaha zilinitatiza kidogo, nikajiambia labda ni wezi wa mifugo.

Kisha tukaletewa video ya mafunzo. Lori limesimama mahali pakavu, likafunguliwa nyuma, vikatoka vijindege visivyo na rubani, vingi, vikaruka pamoja kama mbayuwayu. Hapana mtu aliyeshika rimoti. Maelezo yakasema ni vya kijeshi, na kwamba vinaambiana vyenyewe: kimoja kikiona, vyote vimeona, na vyenyewe ndivyo vinavyoamua nani afuatwe, kwa majina tunayozipa picha sisi. Jeshi la nani, hawakusema. Nikairudia video mara tatu nikimtafuta mwenye kuamua. Wallahi sikumwona. Ningeacha kazi siku ile. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mama yuko kwenye dawa za presha. Nikaendelea huku kichwa kimenivurugika.

Asubuhi moja ikaja picha ya wanaume waliovaa kanzu, ishirini na zaidi, kwenye njia ya vumbi baina ya kuta. Katikati wamebeba kitu kirefu mabegani. Mwongozo wetu ulisema wazi: kitu kirefu kinachobebwa begani na zaidi ya mtu mmoja ni silaha. Nikakitazama, sielewi. Silaha gani hii ya kubebwa na watu sita? Tena picha zilikuwa tatu mfululizo, na kila moja wabebaji ni wengine. Wa nyuma wanakimbilia mbele, wa mbele wanaachia na kurudi nyuma.

Mama alikuwa akipita na sinia la mchele anaouchagua. Akatupa jicho kwenye kompyuta. Akaliweka sinia chini, akajitanda leso yake vizuri, akasimama wima.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Mama, kuna nini?"

"Kuna nini? Huoni jeneza likipita? Simama, mwanangu!"

Nikasimama. Tukasimama sote wawili mbele ya kompyuta, yeye midomo ikimcheza kwa dua. Kumbe! Maziko nimeyaona tangu utotoni, wanaume wakigombea thawabu ya kutia bega japo hatua tatu, nikashindwa kuyatambua kwa sababu nimeyatazama kutoka juu. Niliona haya sana.

Orodha haikuwa na maziko. Nikachagua "kundi la watu", nikamwandikia msimamizi, mtu ambaye sijapata kumwona uso, kwamba lile ni jeneza na wale wanakwenda kuzika. Akajibu kwa adabu, "Asante. Fuata mwongozo." Picha ikarudi. Nikachagua vile vile. Ikarudi tena, safari hii na onyo: nikikosea mara ya tatu, nafungiwa kazi. Nikapandwa na hasira, nikamwandikia, "Kwani nyinyi huko kwenu hamfi?"

Nilikaa na kidole juu ya kipanya mpaka adhana ya adhuhuri. Mara najiambia picha ni ya zamani, wale wameshazika na hitima wameshasoma. Mara najiambia vile vijindege viko juu yao sasa hivi, vyaningoja mimi. Ningejuaje? Hadi leo sijui, na nimejaribu kujua. Nikabonyeza "kundi lenye silaha". Picha haikurudi tena. Ikaja nyingine, ya mbuzi.

Mama alipomaliza kuswali akaja akaketi karibu yangu, akavuta sinia lake.

"Wale wenye kazi, umewaambia kuwa yale ni maziko?"

"Nimewaambia."

"Alhamdulillahi." Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Na jeneza lilifika makaburini salama?"

"Lilifika, mama," nikamwambia.