Povu Lililopita Sitini

Mume wangu anatengeneza sabuni ya maji, na mtaa mzima unamwita Povu. Si tusi. Pipa likishakorogwa huchota kidogo, anatia kwenye chupa ya maji, anatikisa, kisha anahesabu kwa sauti. Povu likikatika kabla ya sitini anapiga meza, pipa zima linakorogwa upya, na siku hiyo hasemeshwi. Miaka ishirini na mbili nimeolewa na hesabu hiyo. Hata nikimimina maziwa namwona midomo inamcheza.

Basi mwaka jana pua yake ikaanza vituko. Ikaziba, ikatoa magamba yenye damu, na sauti ikamkauka. Nikamwambia aende hospitali.

"Vumbi la kemikali tu hilo, mama watoto. Kazi ndiyo ilivyo."

Kichwa ngumu! Punde hata harufu hasikii. Akatia manukato ya limau mara tatu kwenye pipa moja, mama mwenye mgahawa akarudisha dumu lake, eti sahani zinanukia kuliko chakula.

Halafu choo. Asubuhi moja naingia, nakuta povu limetanda. Nikamjia juu.

"Baba watoto, sabuni za majaribio unamwaga chooni? Unataka niteleze nivunjike kiuno?"

Akaapa hajamwaga. Nikamwita mwongo. Wiki tatu nzima nikamsomea risala kila asubuhi, mpaka akaanza kuomba msamaha kwa kosa asilolifanya, ilimradi anywe chai kwa amani.

Ikatokea malighafi zikaadimika, mapipa yakakauka wiki nzima. Nikaosha choo kwa maji matupu, nikakaa mlangoni nikimvizia. Akaingia, akatoka. Nikachungulia: povu lile lile!

"Haya, na leo sabuni umeitoa wapi?"

Akalitazama, akanitazama mimi, akaenda kuchukua chupa yake. Haja ilipomjia tena akaikinga humo, akatikisa, akaanza kuhesabu. Sitini ikapita. Mia ikapita. Alipofika mia mbili sauti ikamkatika, na povu bado limesimama.

"Mama watoto," akasema, "sabuni yangu haijawahi kufika huku."

Tulicheka, jamani, mbavu zikatuuma. Kisha kicheko kikaishia njiani, tukatazamana. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Alimkabidhi daktari chupa, akaanza kumweleza ubora wa povu. Daktari, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, akamsikiliza hadi mwisho bila kucheka. Wakampima mkojo na damu, wakampiga picha ya kifua, wakamtoa kipande kidogo cha figo kwa sindano. Majibu yakaja na jina refu ambalo hadi leo siliwezi.

"Ni ugonjwa wa nadra," daktari alisema. "Kinga ya mwili wake imemgeuka, inashambulia mishipa midogo ya damu. Puani, mapafuni, kwenye figo. Figo zinavujisha vitu vinavyotakiwa kubaki kwenye damu, ndiyo sababu ya povu."

"Kwa hiyo si sabuni?" Povu akauliza, kama mtu aliyefutiwa kesi.

"Si sabuni, baba. Lakini mngechelewa mwezi mwingine, tungekuwa tunaongelea mashine ya kusafisha damu maisha yako yote. Hata sasa siahidi kwamba figo zitapona."

Nilitamani sakafu inimeze. Wiki tatu za figo za mume wangu nilizimaliza kwa kumgombeza.

Zikaanza dripu na vidonge. Uso ukamvimba, akawa anakula kama ana wageni tumboni. Na kila asubuhi chupa inatikiswa, sasa mimi ndiye ninayehesabu, kwa sababu sauti yake haijarudi. Mwezi wa kwanza mia na themanini. Wa pili tisini. Vipimo vya hospitali navyo vinashuka hivyo hivyo, lakini yeye akiona povu linapungua ananuna. Kichwa kinajua, mkono umezoea kupiga meza.

Jumatatu iliyopita nilifika kumi na mbili tu. Povu likakatika lote, yakabaki maji. Akaiinua chupa dirishani, akaigeuza.

"Pipa hili ningelikoroga upya," akanong'ona.

"Bidhaa mbovu kabisa," nikamwambia, nikamkumbatia na chupa yake mkononi, tukalia kama watoto.